Kilichokuwa Ndani ya Bafle

Bafle yetu, ile spika kubwa ya mbao iliyokaa sebuleni, ilikoroma wiki nzima, kisha ikanyamaza katikati ya wimbo wa kwaya. Nilipoiinamisha, nikasikia kitu kikibingirika ndani.

Sikuipeleka kwa fundi. Hapa Kolwezi, mji wetu wa migodi, shaba inauzwa hata ikiwa kipande cha waya cha urefu wa kidole, na nilikwisha kuona redio ya jirani ikirudi kutoka kwa fundi ikiwa nyepesi kuliko ilivyokwenda. Isitoshe, tayari nilikuwa na mtu niliyemshuku kuiharibu: mpangaji wetu, kijana mchimbaji kutoka Kasai, aliyekaa katika chumba cha uani. Kila umeme uliporudi, aliingia sebuleni kwetu kuchaji simu yake.

Jumamosi asubuhi nikaitoa bafle uani. Mpangaji akatokea papo hapo, mswaki mdomoni.

"Tata, bafle ilikufa?" akauliza, akiniita baba kwa heshima.

"Nani alikuambia ilikufa?"

"Hakuna mutu. Siku hizi hatusikie muziki."

Jibu lilikuja upesi mno. Nikamgeuzia mgongo, nikaanza kufungua skrubu.

Spika yenyewe ilikuwa mahali pake, na sumaku yake nzima. Nikagusisha betri ndogo kwenye ncha zake. Karatasi yake ikaruka, tak. Ilikuwa hai. Kilichong'oka kilikuwa waya, nao uling'olewa na mfuko wa kitambaa uliolala chini ndani ya sanduku. Mtu aliusukuma kupitia tundu la nyuma. Nikaufungua: mawe meusi, mazito kuliko ukubwa wake. Kwetu hata mtoto anayajua mawe hayo. Ni kobalti, madini yenye bei kubwa.

Umeme ulikuwa umekatika, basi nikapasha chuma cha kulehemu kwenye makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa, nikakwangua ncha ya waya na kuirudisha mahali pake. Mfuko nikauacha wazi juu ya meza, ili nione macho ya nani yatautafuta.

Mpangaji akauona. Akashika jiwe moja, akalipima mkononi, akalilamba kidogo.

"Tata, hii ni kitu ya muzuri. Ilitoka wapi?"

"Nakuuliza wewe."

"Mi? Kama ingekuwa yangu, ningekuwa nimeshaiuza."

Kabla sijaamua kama namwamini, mama yangu akatoka jikoni karibu anakimbia, akautwaa mfuko na kuufunga ndani ya kitenge chake.

"Ni mawe yangu ya kusugulia sufuria," akasema, bila kumtazama yeyote.

Mpangaji akatazama mikono ya mama, akatazama kitenge, akaenda zake. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, mawe haya ulitoa wapi?"

Alifunga mlango kwanza.

"Nyuma ya jikoni. Nilikuwa nachimba shimo ya takataka. Njo miye nilibitia, mawe yote, mule mu bafle."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sababu ungechimba. Haukuone bajirani? Banatafuta mawe haya, banatoboa nyumba yao, chumba ya batoto, mpaka ukuta inaanguka. Nyumba hii njo baba yako aliijenga."

"Mi siwezi kuchimba, mama."

"Bote banasemaka vile."

Iliniuma kwamba mzazi wangu ananiona kama ninavyomwona mpangaji. Lakini usiku uliotangulia mshahara wangu mdogo wa karani ulikuwa umenikosesha usingizi, na tayari macho yangu yalikuwa yamekwenda dirishani, kule nyuma ya jikoni. Aliyaona.

Wiki hiyo nikanunua saruji, nikafukia shimo na kusakafia pale juu. Mpangaji akasimama kando, mikono mfukoni.

"Saruji hii yote, tata, ju ya takataka?"

"Inanuka," nikamjibu.

"Mi sisikie arufu."

Mwisho wa mwezi akahama, akisema amepata chumba karibu na kazi yake. Tulimuaga vizuri, na mama akamfungia mihogo ya njiani. Sijui kama kijana huyo alimwambia mtu habari za mawe.

Bafle inaimba vizuri, besi yake imerudi. Mama siku hizi hutandika mkeka juu ya saruji hiyo na kulala hapo mchana, akisema kuna ubaridi. Nikipita na jembe kwenda kupalilia mchicha, hufungua jicho moja na kulifuata jembe mpaka nipotee.