Maji Yaliyotoka Nyuma

Simu ililia asubuhi nikiwa nachambua maharage mbele ya nyumba yangu, kwenye mteremko ulio juu ya soko la Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda. Niliipokea kwa mkono wenye vumbi.

"Dada, huku mto imejaa," sauti ilisema. "Bustani yangu yote imeenda. Mboga ya dodo imeenda, nyanya imeenda, hata ua imeenda. Nyinyi mko chini huko. Muangalie."

Aliyenipigia ni mke wa askari, anaishi kwenye nyumba za jeshi mjini Mbarara. Tulijuana katika hospitali ya misheni kule Ruharo, nilipompeleka baba yangu kuondolewa mtoto wa jicho. Yeye alikuwa anamuuguza mama yake kwenye kitanda cha jirani. Mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini, yeye ni Mnyankole, mwenyeji wa nchi hii, na Kiswahili chake cha kambi ya jeshi hakifanani na changu, lakini siku tisa za kugawana chupa moja ya chai zilitufundisha kuelewana. Tangu hapo, kila ninaponunua mahindi na maharage kwa wakulima wa Juru hapa kambini na kuyapeleka soko la Nyamityobora kule Mbarara, lazima nipite kwake nimsalimie.

Asiyejua jiografia yetu atauliza, bustani ya Mbarara inatuhusu nini sisi? Inatuhusu sana. Mto Rwizi unapita Mbarara, unajipinda kwenye mabwawa ya mafunjo, kisha unaingia katika ziwa letu. Mvua inaweza kunyesha huko juu wiki nzima na sisi tukaanika nguo juani. Siku chache baadaye ziwa linapanda, na hakuna hata wingu. Jambo hili nilifundishwa na baba. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, katika mji ulio kando ya Tanganyika, mpaka vita vilipotufukuza. Tulipofika Nakivale hakutaka kuishi huku juu karibu na soko. Alisema hawezi kulala bila kusikia maji. Akajenga chini kabisa, kwenye mwinuko mdogo wa ardhi wenye ziwa mbele na mafunjo nyuma. Familia tisa za kwetu zikamfuata, kwa sababu udongo wa kule unakubali mboga, na kwa sababu mwalimu alikuwa kule.

Macho yalipopona, baba alianza kuchora ramani. Alibandika mifuko ya saruji kwa uji wa muhogo mpaka ikawa karatasi moja kubwa kama mkeka, kisha akazunguka akiuliza watu. Wanyarwanda wazee walimwambia walivyofika hapa enzi za Waingereza, wakakuta vichaka na ng'ombe waliokuja kunywa maji. Warundi wakamwonyesha walipokata miti ya kwanza. Wasomali wakamweleza mtaa wa maduka ulivyoanza na kibanda kimoja cha sukari. Aliandika mtaa wa Wahabeshi wanaopika mkate mpana, akaandika makanisa yetu na cherehani zetu zilizopangwa barazani. Kwenye karatasi za ofisi hapa ni kambi. Kwenye ramani ya baba palikuwa mji: barabara, vinyozi, magereji ya pikipiki, shule, na mtaa baada ya mtaa kushuka hadi majini. Watu wa Mbarara wenyewe wanakuja kununua vitu kwetu siku za soko. Baba aliipenda ramani ile kama mtu anayependa hati ya kiwanja.

Basi nilipokata simu niliacha maharage kwenye ungo nikashuka. Nilimkuta ufukweni, ameinama juu ya mti alioukata alama na kuuchomeka majini ili apime ziwa.

"Rwizi imejaa," nilimwambia. "Watu wa Mbarara wanasema imekula bustani."

"Lazima ijae, ni musimu wake," alisema bila kugeuka. "Njoo uone. Toka jana, kidole kimoja tu. Hii ziwa ni pana, mutoto wangu. Maji itatawanyika."

"Baba, tuhame kwanza. Maji ikitulia mutarudi."

Hapo ndipo aliponigeukia. "Nimehama mara mingi. Hapa sihami juu ya simu ya mutu mwenye hajaona hata fasi tunakaa."

Jumapili, baada ya ibada, nilimwomba mchungaji anipe nafasi. Nilisimama mbele ya watu nikaeleza nilichoambiwa. Nilisema wanaokaa chini wapandishe watoto na magodoro huku juu walau kwa wiki moja. Nyumba yangu ilikuwa wazi, na kanisa lenyewe lilikuwa na nafasi. Watu walianza kunong'ona. Mama mmoja, jirani wa baba, anayeuza mchicha na kulea watoto wawili peke yake, alinyanyuka. Hakunitazama mimi.

"Mwalimu," alisema, "na wewe unasema nini?"

Baba aliondoa kofia yake. "Mutoto wangu anaogopa, na si vibaya. Lakini mimi ndiye napima hii maji kila asubuhi. Haitafika kwa nyumba zetu. Batu bakae na amani."

Nilisikia benchi zikilia kwa watu kuegemea nyuma, wamepumua. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Ulimi ulikuwa na neno, nalo lilikuwa jepesi tu: Baba, hujui. Lakini alikuwa baba yangu, tena mbele ya kanisa zima. Nikakaa. Mpaka leo nikikumbuka siku ile, naikumbuka namna nilivyokaa, nikinyoosha kitenge magotini kana kwamba jambo limekwisha.

Familia nne zilihama jioni ile ile bila kelele. Sita zilibaki, na ya baba ikiwa mojawapo.

Jumatatu nilishuka kutazama. Kidole kimoja. Jumanne, vidole viwili, na baba akinionyesha mti wake huku anatabasamu. Yule rafiki alipiga tena kutoka Mbarara akisema mto umepita juu ya mawe wanayofulia nguo, na watoto wamezuiwa kwenda ng'ambo. Nilimwambia huku kumetulia. Akasema, "Ile maji iko njiani, dada. Haiwezi kupotea." Siku ile sikula. Nilikuwa nashtuka hata mtu akimwaga beseni la maji nje.

Jumatano asubuhi nilishuka mapema. Kufika kwenye mafunjo, pale njia inapopita kuelekea mwinuko wa baba, nilikanyaga maji. Nilidhani ni umande. Nikatazama chini. Maji ya ziwa letu ni ya kijani, yamesimama. Haya yalikuwa mekundu, na yalikuwa yanatembea. Yalipita kati ya mashina ya mafunjo kimya kimya, yakisukuma takataka, na hayakutoka ziwani. Yalikuwa yanatoka nyuma, upande ambao hakuna mtu aliyekuwa akiutazama.

Nilipiga kelele. Watu wa nyumba za karibu walitoka, wakaona, wakaanza kukimbia. Familia ya kwanza ilivuka maji yakiwa magotini. Ya nne ilivuka yakiwa kiunoni, mume amebeba godoro kichwani na mke wake ameshika kuku kwa miguu. Nikajaribu kuingia mimi, mkondo ukanivuta kitenge, mtu akanishika mkono akanirudisha. Zilibaki nyumba mbili mwishoni kabisa: ya baba na ya yule mama muuza mchicha.

Nilimpigia baba, simu ikaita mara mbili.

"Maji imetoka nyuma," alisema. Si sauti niliyoizoea. "Mama wa hapa eko na watoto. Tafuta mutumbwi."

Nilikimbia hadi mahali wavuvi wanapofunga mitumbwi. Wengi walikuwa wameivuta juu na kuondoka. Alikuwepo mmoja, Mnyankole wa umri wa kuweza kuwa kaka yangu mkubwa, anayetuuzia samaki kila wiki. Nilimweleza huku nahema. Alitazama mafunjo muda mrefu kiasi kwamba nilitaka kumsukuma.

"Mimi napeleka," alisema mwisho. "Lakini wewe nakaa chini, hapana simama. Viboko imetoka kwa ziwa, iko ndani ya majani. Ikitokea, hapana piga kelele."

Tulizunguka kwa upande wa ziwa. Mtumbwi ulikuwa unavuja, nikawa nachota maji kwa kopo. Tulipofika, mwinuko wa baba ulikuwa umebaki mdogo kama ua wa kanisa. Yule mama alikuwa amesimama na mtoto mmoja mgongoni na mwingine akimshika kiunoni. Baba alikuwa nyuma yao, suruali imelowa hadi mapajani, anatazama mahali bustani ilipokuwa.

Mvuvi alihesabu vichwa. "Wote hapana. Mama na watoto kwanza."

Nilishuka ili wapate nafasi. Yule mama alipanda na watoto. Kisha, mtumbwi ulipoanza kusogea, alimwambia baba, "Mwalimu, ulisema." Basi, hayo tu.

Tukabaki wawili. Jua lilikuwa kali, mbingu safi kabisa, na ardhi ilikuwa inapungua. Maji yalikuwa yanalamba kuta za nyumba ya yule mama. Ukuta wa udongo hauanguki ghafla. Kwanza ulibadilika rangi chini, kisha ukavimba, kisha ukakaa chini polepole kama mtu aliyechoka, na bati likalala juu yake. Baba aliruka kwa mlio wa bati. Nilimshika mkono.

Kisha maji yalipasuka, hatua kama thelathini kutoka tulipokuwa, na mgongo mweusi ukatokea. Kiboko alipumua, akatikisa masikio, akatutazama. Alikuwa amesimama hasa kwenye njia ambayo mtumbwi ungerudi nayo. Tulirudi nyuma hadi tukagusa ukuta wa nyumba ya baba, nao ulikuwa baridi na laini, kidole kinazama. Sikuthubutu kuuegemea.

"Nilipima mbele tu," baba alinong'ona.

"Nyamaza, Baba."

"Siku zote nilipima mbele."

Sijui tulisimama pale muda gani. Kiboko alizama, akatokea karibu zaidi, akazama tena. Kila alipozama ilikuwa mbaya kuliko alipoonekana. Nilijaribu kuomba nikakuta ninarudia maneno mawili tu, Bwana, tazama, Bwana, tazama. Ndipo niliposikia mti ukigongwa kwenye mti. Mvuvi alikuwa anakuja kwa kuzunguka mbali, akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia. Kiboko akageuza kichwa kuelekea sauti. Mvuvi akaacha kugonga, akapiga kasia kwa nguvu, akaingia upande wetu mgongo wa mnyama ukiwa umeelekea kwingine.

"Panda! Panda sasa!"

Baba alijikwaa, nikamsukuma kwa mabega yangu yote mawili. Tulitoka hadi kwenye maji wazi. Hapo mvuvi alipumzisha kasia, akaonyesha kwa kidevu mahali tulipotoka.

"Ile nyuma ya nyumba yako, zamani ilikuwa njia ya mto. Baba yangu alikuwa anavua pale. Maji ikizidi, inakumbuka."

Baba alimgeukia. "Unanijua miaka yote hii. Juu ya nini hukuniambia?"

"Mwalimu, wewe hapana uliza." Hakusema kwa ubaya. "Wewe nauliza watu yenu. Mnyarwanda umeuliza, Msomali umeuliza. Sisi, wewe nanunua samaki tu."

Baba aliinamisha kichwa, akaanza kuchota maji ya mtumbwini kwa kopo, haraka haraka, hata baada ya kuisha.

Hakuna aliyekufa, na kwa hilo tulifanya ibada ya shukrani. Lakini maji yalikaa majuma matatu, na nyumba zote kumi zikawa matope. Wenzetu wakalala kanisani, wengine kwangu. Ofisi ikawagawia viwanja vipya juu, mbali na ziwa, kwenye ardhi yenye mawe isiyopenda mboga. Ramani ilikwenda na maji, na baba hakuitaja. Alikaa chumbani kwangu, akila kidogo, na watu walipokuja kumwamkia alijifanya amelala.

Siku moja alivaa kofia akatoka. Alikwenda kwa kila familia kuomba msamaha, na mimi nilimsindikiza kwa sababu nami nilikuwa na la kuomba. Nilitaka kusema nilivyonyamaza kanisani. Wengi walitukaribisha. Mmoja alicheka akasema maji ni maji, hata mwalimu hawezi kuyatia darasani. Baba hakucheka.

Yule mama tulimkuta kwenye kiwanja chake kipya, anakanyaga udongo wa matofali, kitenge kimekunjwa magotini. Mtoto mkubwa alikuwa shuleni, mdogo kwa jirani. Baba alivua kofia, akaanza kusema yale aliyowaambia wengine. Yule mama alimwacha aseme hadi mwisho, na miguu yake haikusimama.

"Nilikuamini kuliko macho yangu," alisema. "Nilikuwa nimeona njia imelowa siku ya Jumanne. Nikajiambia, mwalimu anajua."

Nilisema, "Na mimi nilikuwa na neno pale kanisani, nikanyamaza." Yule mama alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kanisani, kisha akaonyesha kibao cha kufyatulia matofali kilichokuwa chini ya mti.

"Udongo unakauka," alisema.

Baba alikunja suruali akaingia kwenye matope. Mimi nilichukua ndoo nikaenda bombani kwenye foleni. Tulifanya kazi hadi saa nane, sisi watatu, na hatukuambiana kitu zaidi ya sogea, na leta maji, na hilo limevunjika, rudia.