Mashine ya Mchanga Ilivyofika kwa Wakwe Zangu

Mawe yalipokwisha kuanguka na vumbi likaanza kutua, nilimwona mkwe wangu. Amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kanga moja kifuani, kichwa wazi, mweupe pepepe kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Miaka yote niliyokaa na binti yake sikuwahi kumtia machoni mama huyu. Kwao mkwe mwanamume haonani uso kwa uso na mamamkwe. Kila tulilokuwa nalo tulisemezana ukuta ukiwa kati. Sasa ukuta ndio huo, uko miguuni pangu. Nikamwamkia, Shikamoo. Naye kwa mazoea akaitika, Marahaba. Halafu akili ikamrudia, akanyakua sinia ajifunike uso, na nazi yote aliyoikuna ikammwagikia kichwani.

Naanza tangu mwanzo, maana mjini kisa hiki kinasimuliwa vingine, na aliyekipindua namjua kwa jina.

Mjini Unguja, miaka ile baada ya Mapinduzi, majumba mengi makubwa yalikuwa yamebaki hayana wenyewe, kuta zimefanya ukungu mweusi. Mimi nilikuwa mchanganya chokaa katika genge la kuyatengeneza. Nimepita mengi mwaka ule wa Mapinduzi nikasalimika. Sikujua kuwa balaa lililobaki ataniletea msimamizi wetu, Haji Ame. Huyu wakubwa walimtaka achague mashine ya kusafishia jumba moja la pwani kabla wageni hawajafika. Mashine zilikuwa mbili. Moja pampu ya kurusha maji. Ya pili mashine ya upepo ya bandarini, inayopuliza mchanga, waliyokuwa wakiondolea kutu kwenye meli. Kuzijaribu kwenye jumba lenyewe aliogopa, kwani likiharibika wakubwa wataliona kila wakipita.

Siku hizo nami nilikwenda kumwomba ruhusa nikamchukue mke wangu, Mwanaidi. Alikuwa kwao shamba, mbele ya Mkokotoni, amekwenda kujifungua kwa mama yake, na arobaini imeshatimia. Mtoto wa kwanza, baada ya miaka ya kungoja na kunyooshewa vidole. Haji akaniuliza wakwe zangu wanakaa nyumba ya namna gani. Nikamwambia ya makuti, imeegemezwa kwenye gofu la mawe la watu wa kale, lina nakshi za chokaa ila zimeingia moshi. Akatabasamu sana. Nilidhani anafurahia mtoto wangu.

Asubuhi tuliondoka Forodhani kwa lori, mashine ya upepo inaburutwa nyuma, pampu ya maji na mapipa yake juu. Haji mbele na dereva, mimi juu na Simai, fundi wa mashine aliyeazimwa bandarini. Simai kelele za kazi yake zilikuwa zimemla masikio, na kwa kuwa hataki ijulikane, kila anachoambiwa hujibu Naam. Nilimweleza habari za mtoto wangu, Naam. Nikamwomba aondoe mguu kwenye kanga nilizomnunulia mke wangu, Naam, na mguu pale pale.

Mahonda tulisimama, Haji akataka ijaribiwe ile ya maji kwenye ukuta wa ghala moja kuukuu. Tukafungulia mapipa tuliyokuja nayo. Weusi ukawa unashuka taratibu, chokaa yake iko chini salama, inapendeza. Watu waliosimama kutazama waliisifu. Haji akakunja uso.

"Mashine gani hii, kuku hata hawashtuki," alisema. "Wakubwa watajuaje kama kazi inafanyika?"

Mashine ya maji ikashindwa pale pale, kwa kosa la kunyamaza.

Adhuhuri tulifika kwa wakwe. Nilipiga hodi, mkwe akanijibu kutoka nyuma ya ukuta kwa sauti ya furaha, akasema mtoto ana pua yangu, maskini, lakini atazoea. Mwanaidi alikuwa keshafunga vitu vyake, mtoto mgongoni. Tungeondoka saa ile ile. Lakini Haji akamwambia mkwe wangu kuwa serikali imekuja kumsafishia ukuta wake, utang'aa kama wa msikiti. Mama wa watu akashukuru, akasema basi wageni wasiondoke bila kula, akakaa huko huko ndani kukuna nazi.

Ndani ndiko nyuma ya ukuta ule ule. Nilimwambia Haji.

"Ukuta mnene huu, umri wake unauona," akanijibu. "Kwani mkweo anakaa ndani ya jiwe?"

Simai akawasha. Mbuzi wa kijiji kizima walikata kamba. Haji akacheka kwa raha, akaniamuru nitie mchanga. Weusi ulitoka mara moja, na nakshi ikatoka nao, na chokaa ikaifuata nakshi, na ndani yake tukaona mawe yamekaa kwenye udongo mtupu, hayana kingine cha kuyashika. Nikapiga kelele azime. Simai akasema Naam. Haji naye akamwonyesha kwa mkono aongeze upepo. Akaongeza. Yaliyofuata nshayasema.

Lakini jeraha langu si lile tundu. Mkwe alipokwisha kujisitiri, aliuliza kutoka chumba cha mbali ni nani aliyetaka ukuta wake uguswe. Haji Ame akasafisha koo, akajibu kwa adabu zote: "Ni mkweo, Bi mkubwa. Yeye ndiye aliyetuleta."

Mwanaidi akamshusha mtoto mgongoni, akafungua mzigo wake, akaniambia hawezi kumwacha mama yake na nyumba isiyo na ubavu, wala hawezi kufuatana na mtu aliyemvua mama yake heshima kwa ajili ya kazi ya watu.

Jioni tulirudi mjini. Lori lile lile, mimi na kanga zangu zenye alama ya kiatu. Haji aliwaambia wakubwa kuwa mashine ya mchanga ina nguvu ya ajabu, wakaichukua. Sasa nenda kalitazame lile jumba la pwani.

Nilichojifunza ni kwamba mashine iliyozoea kula kutu ya chuma haijui kuwa chokaa ndiyo ngozi ya nyumba. Na kwamba mtu anayependa kusikika usimpe kazi ya kuchagua mashine.

Ukuta nimeshauziba kwa mikono yangu, jiwe kwa jiwe. Mkwe hanisemezi hata kupitia kwenye huo. Anataka kusikia mwenyewe, kutoka kinywani mwa aliyetoa amri.

Haji Ame, wewe uliyepewa nyumba Michenzani, kuta zako mpya hazina hata ufa. Binti yangu sasa anatambaa, na ananililia kama mgeni kila nikienda. Nakuuliza mbele ya watu wote watakaosoma: nani alimwonyesha Simai aongeze upepo? Nenda kasimame nyuma ya ule ukuta, umjibu mama yule.