Zamu ya Konstebo Ogwal

Uso wa Konstebo Ogwal ulianza kuharibika mwaka 1970. Uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa paji, juu ya pua, ulitanuka taratibu ukausukuma mfupa nje. Kufikia 1973 paji lilikuwa limetokeza kama ngumi, na jicho la kulia limeshuka karibu na shavu. Daktari Faustino, mpasuaji, hakumficha.

"Nitauchonga mfupa, jicho lirudi mahali pake. Ukichelewa, litakufa."

Alhamisi ya upasuaji ilipofika, dawa ya usingizi iliyobaki hospitalini ilimtosha mgonjwa mmoja tu; nyingine ingefika wiki iliyofuata. Ogwal alikwisha kunyolewa nyusi na kuvaa kanzu ya wodini, ndipo Sajini Wahabi, mkubwa wake, akaingia. Sajini alikuwa na kinundu cha mafuta shingoni, kilichomzuia kufunga kola ya yunifomu.

"Konstebo, paji lako limengoja miaka mitatu. Wiki moja itakuua?"

"Hapana, afande."

"Basi nipishe."

Ogwal akashuka kitandani. Hakushikiwa bunduki. Nasema hili kwa sababu siku zile za utawala wa kijeshi bunduki zilisingiziwa hata makosa yasiyokuwa yake. Alikuwa amefundishwa depo, kwenye chuo cha polisi, kwamba mdogo humpisha mkubwa mlangoni, kwenye foleni ya chakula, popote. Daktari alipofoka, Ogwal mwenyewe ndiye aliyemtuliza: "Acha tu, daktari. Ni mkubwa wangu."

Nyumbani, katika kota za polisi Naguru, mkewe Acen aliitazama ile sura isiyo na nyusi.

"Kola ya Wahabi! Jicho hilo ni lako au la serikali?"

"Ni wiki moja tu, mama."

Jumatatu watu wenye gari lisilo na namba walimchukua Daktari Faustino. Hakurudi. Hakubaki mwingine aliyeijua kazi ile, na baada ya miezi miwili jicho likazima.

Mimi ni mwalimu; heshima nimeifundisha maisha yangu yote, wala sijutii. Lakini mwili ni amana. Anayeutoa ili mkubwa apate kufunga kola hakuheshimu mtu. Ameogopa tu, akauita woga wake adabu. Na aliyeupokea ni mwizi.

Mwaka uliofuata nilimwona Ogwal akilinda lango la kituo cha polisi. Wahabi alipita, kola imefungwa barabara. Ogwal akakaza miguu, akapiga saluti. Mkono haukufika kwenye kofia. Uligota kwenye uvimbe, ukabaki hapo, juu ya jicho lililokufa, hadi sajini alipotoweka.