Matairi ya Theluji Niliyoyatunza

Tangu jana peja yangu, kile kidude cha kiunoni cha kupokea ujumbe wa simu, iko kimya, na najua binti niliyetaka kumwoa hataipigia tena. Jana hiyo baba mdogo na mjomba walikuwa wanakwenda kwao, mtaa wa Lanham huku ughaibuni, kuniposea. Mposaji huwa anabaki nyumbani, lakini mimi ndiye mwenye gari, kwa hiyo nikawaendesha: gari la kifahari, viti vya ngozi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Theluji ilikuwa imetanda.

"Una matairi ya theluji, yale yasiyoteleza?" mjomba aliuliza.

"Nimenunua mapya," nikajibu kwa maringo. Sikusema uongo.

Kwenye kilima cha mwisho, mbele ya nyumba ya wakwe, gari likaanza kuserereka. Wazee wakashuka na suti zao wakasukuma, magurudumu yakawarushia tope la theluji mpaka usoni. Baba wa binti akatoka na koleo.

"Kijana, huna matairi ya theluji?"

"Ninayo, mzee."

"Yako wapi?"

Nikafungua buti. Yalikuwa humo mawili, bado na nailoni zake. Nilikuwa nayatunza yasichakae, kama vikombe vya wageni, nikijidanganya kwamba uzito wake unatosha kuyakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze.

Akayatazama, akawatazama wazee wangu walivyolowa.

"Na binti yangu," akauliza taratibu, "utamtunza wapi?"