Generoza na Udongo wa Nkwabi

Generoza aliolewa na mtu mwema, na hilo ndilo lililomchosha. Telesphori hakuwa mlevi wala mgomvi. Aliongoza kwaya ya kigango, na ukiazima jembe kwake hakukuuliza utalirudisha lini. Lakini alichoambiwa alikiamini. Aliwahi kuambiwa kwamba karanga zikipandwa na mwanamke aliyenyoa kichwa huzaa maradufu, akaja nyumbani na wembe. Generoza alikataa, na Telesphori akashinda siku nzima mnyonge kama mtu aliyefiwa.

Mwaka wa sabini na nne, watu waliokaa porini huko Ushirombo walitangaziwa kuwa wote watahamia kijiji kipya kando ya barabara. Watakaowahi watajichagulia viwanja. Generoza alitaka wawahi, wapate karibu na kisima. Walikuwa wameanza kufunga mizigo alipofika mtu aliyejiita Nkwabi, amevaa suti ya kaki, kalamu mbili mfukoni. Alisema ametumwa na wakubwa kutafuta nyumba za kudumu. Nyumba itakayozungushiwa ukanda mpana wa udongo mweupe, mwenyewe ataachwa palepale. Hakudai kitu. Alikula ugali kwa mlenda, akawasifu watoto kwa majina yao, na wakati wa kuaga ni Telesphori mwenyewe aliyefungua zizi, akamtoa mtamba mwekundu na kumkabidhi mgeni kamba.

Generoza alikwenda kwa Bartholomeo, balozi wao wa nyumba kumi. Bartholomeo alisema hajasikia habari za udongo wowote, tena viwanja vya kisimani vinakwisha. Generoza alirudi mbio na maneno hayo. Telesphori akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kuwa huenda Bartholomeo bado hajaletewa taarifa, akaendelea kupaka udongo.

Kilichomuudhi Generoza zaidi ni majirani. Wao hawakumwona Nkwabi, lakini nao wakaanza kuchimba udongo mweupe mtoni. Alipomuuliza Euphrasia, mwanamke mwenye akili zake, kwa nini anapaka, Euphrasia alimjibu, "Huyo Nkwabi simjui. Telesphori namjua. Tangu nimfahamu hajasema uongo." Na ilikuwa kweli.

Malori yalikuja baada ya mvua ya kwanza. Hakuna aliyeuliza habari za ukanda mweupe. Paa ziliezuliwa, vyungu na kuku vikapakiwa, na wale waliopaka wakapewa viwanja vilivyobaki, huko mwisho wa kijiji, kwenye mawe na vichuguu. Kisima kilikuwa upande wa pili.

Generoza alingoja majirani waje kumlaumu mumewe. Alitamani waje. Walikuja kweli, wakaketi, na baada ya mazungumzo marefu wakakubaliana kwamba kosa lilikuwa mvua. Imeosha udongo ukabaki mwembamba, na wakubwa hawakuuona. Generoza aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kisimani ingawa maji yalikuwapo nyumbani.

Mwaka uliofuata Telesphori alipeleka asali kwenye gulio la Katoro. Aliporudi alikuwa mchangamfu. Amekutana na Nkwabi, wamekunywa chai, na yule bwana amesikitika sana kusikia yaliyowapata. Kumbe udongo ule haukutakiwa kutoka mtoni, ulitakiwa utoke mlimani.

Generoza, aliyekuwa akimenya karanga, aliweka ungo chini. "Na mtamba wetu?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Mama Apolinari, mtu anakutazama usoni, anakueleza jambo. Utamwambiaje kwamba anadanganya? Mimi siwezi. Naona ni sawa na kumtemea mate."

"Kwa hiyo bora utemewe wewe?"

Telesphori alilifikiria swali hilo kwa moyo wote, kama alivyofikiria kila kitu. Kisha akasema ndiyo, bora.

Siku ya gulio lililofuata Generoza alipanda lori la pamba, akaenda Katoro mwenyewe. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Angeyasema kwa sauti, watu wajae, yule mtu akose pa kuweka uso. Alimkuta kwenye kibanda cha makuti, akiuza unga wa kijivu uliofungwa kwenye karatasi, dawa ya mchwa wa shambani.

"Shikamoo mama," alisema Nkwabi kabla Generoza hajafungua mdomo, akampisha kwenye kigoda chake. Akauliza hali ya watoto, mmoja mmoja kwa jina. Akauliza kiwanja kipya kikoje. Generoza akaanza kwa ukali, mawe, vichuguu, mahindi yanaanguka kabla ya kubeba, na kadiri alivyosema ndivyo ukali ulivyopungua. Tangu wahamie hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Nkwabi alisikiliza akitikisa kichwa, wala hakumkatiza hata mara moja.

Lori lilikuwa limekwisha kuiacha Katoro nyuma alipogusa fundo la khanga yake. Mlikuwa na pakiti ya unga wa kijivu. Aliinunua mwenyewe, kwa mkono wake, na neno la mtamba hakulitamka. Hasira ilimpanda ikakosa pa kwenda. Aliirusha pakiti majanini, na nyumbani alisema tu kuwa hakumkuta mtu.

Mwaka ule mchwa waliyala mahindi yao, kama walivyoyala ya Euphrasia na ya wote wa upande ule wa mawe. Generoza alijua kuwa unga ule ulikuwa majivu. Alijua kama anavyojua jina lake. Hata hivyo kila alipong'oa bua lililoliwa shinani, aliikumbuka ile pakiti, akajiuliza, je, kama angejaribu kidogo tu? Siku moja alijigombeza kwa sauti kubwa, hata Telesphori, aliyekuwa akilima upande wa pili wa shamba, akainua kichwa na kuuliza anazungumza na nani.