Kuomba Kazi Nikiwa Edani

Barua ya kuniita kwenye usaili ilinikuta Kilosa, ndani ya nyumba ya reli, nikiwa nimekaa eda. Mume wangu alikuwa amezikwa majuma machache tu nyuma. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni pale stesheni. Alirudi kutoka Kidete, walikopelekwa kutengeneza reli baada ya mvua, akiwa na homa, na homa ile haikumwacha. Maombi ya kazi nilikuwa nimeyaandika yeye akiwa hai. Ndiye aliyesikia kwamba hoteli ya watalii kule Mikumi inatafuta karani wa mapokezi, mtu wa kupokea simu na kuandikisha wageni, naye ndiye aliyeniambia, wewe umesoma, umejifunza kupiga chapa, unakaa nyumbani kufanya nini.

Mama yake alikuwa amekuja kutoka Tindiga kukaa nami. Siku barua ilipoletwa alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamsomea. Akamaliza ungo aliokuwa nao, akauweka chini.

"Huko wanakokuita ni mchana?"

"Ndiyo, mama. Saa nne asubuhi, hapa hapa Kilosa, ofisi za wilaya."

Alijifunga khanga nyingine akatoka. Alikwenda kwa mwalimu wa madrasa. Aliporudi alikaa kwanza, akanywa maji.

"Amesema mwenye haja anaweza kutoka mchana. Jua likizama uwe ndani. Nimemwambia haja ipo, hii nyumba ni ya kazi na mwenye kazi hayupo."

Ningependa kusema nilifurahi, au niliona aibu ya kutoka. Sikuona kitu. Miezi ile nilikuwa kama mkono ulioulalia. Unauona ni wako, upo pale pale ulipokuwa siku zote, lakini ukiufinya huusikii. Nilikula nilipoambiwa nile. Watu walikuja kuhani, nikawaitikia, wakaondoka, nami nisingeweza kukwambia nani alikuja na nani hakuja.

Pale ofisi za wilaya tulipangwa kwenye benchi la barazani. Wenzangu wote walikuwa vijana wa kiume, suruali zimepigwa pasi hadi zina makali. Mmoja alikuwa anajisomea Azimio la Arusha kwa midomo bila kutoa sauti, akifika mahali anasahau, anafumba macho, anaanza tena. Mimi nilikuwa katika nguo nyeupe tupu, bila hereni, bila wanja. Walinipisha nafasi kubwa kuliko niliyohitaji.

Ndani kulikuwa na watu watatu. Afisa utumishi wa shirika lenye hoteli, aliyetoka Dar es Salaam, katibu wa chama, na mama mmoja wa umoja wa wanawake. Katibu ndiye aliyeanza.

"Ndugu, tueleze maana ya kujitegemea."

"Ni kupata nyumba kabla sijatolewa kwenye hii niliyomo."

Sikuwa namfanyia mzaha. Aliniuliza, na hicho ndicho kilichokuwa kichwani mwangu. Katibu alimtazama afisa utumishi. Yule mama alikohoa.

"Mbona umevaa hivyo?" afisa utumishi akauliza.

"Niko edani. Nimefiwa na mume."

"Pole sana. Lakini kazi ya mapokezi inataka mtu mchangamfu. Utaweza kuwachekea wageni?"

"Nitawakaribisha."

Akaandika kitu. Wakasema wataniita.

Nilidhani yameishia pale, ila baada ya muda nikaitwa Mikumi kwa mtihani wa kazi yenyewe. Mama mkwe akasema siendi peke yangu. Tulipanda treni ya asubuhi inayokwenda upande wa Kidatu, yeye na kikapu chake, mimi na kalamu. Njia nzima alikuwa akitazama nje. Palipokuwa na mafundi wa reli kando ya njia, aligeuza uso ndani.

Tulishuka Mikumi, tukasogea hadi kwenye barabara kuu ya lami ambako malori ya Zambia yalikuwa yakipita, na gari la hoteli likatuchukua pamoja na magunia ya vitunguu. Hoteli ilikuwa ndani ya mbuga. Mbele yake swala walikuwa wanakula majani, na mbali zaidi tembo wawili. Mama mkwe alisimama akawatazama sana. Alizaliwa wilaya hii hii, na tembo aliwajua kwa hasara tu, kama watu wanaoingia shambani. Mimi niliwaona kama mtu anavyoona picha kwenye kalenda ya dukani.

Meneja wa hoteli alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye haraka. Alinipa simu nipokee, akanipa kitabu cha wageni niandike, akanipa ukurasa nipige chapa, akajifanya mgeni wa Kizungu aliyekosa chumba. Nilifanya yote. Kisha akaniambia nisubiri nje, kamati, yaani yeye na wale walioniuliza Kilosa, itaniita.

Tulikaa kwenye benchi nyuma ya jiko. Kamati ikala chakula cha mchana. Tukaisikia ikicheka. Wakaingia wageni kutoka Morogoro, meneja akaenda kuwapokea, kamati ikasubiri. Jua likaanza kulala. Lori tuliloahidiwa la kuturudisha Kilosa lilikuwa tayari limewashwa, na dereva alikuwa akitutazama.

"Nenda kawaambie," mama mkwe akasema.

Niligonga, nikaingia. "Shikamooni. Nimekuja kuaga."

"Marahaba," meneja akaitikia. "Kuaga vipi, na bado hujaulizwa maswali?"

"Jua likizama natakiwa kuwa nyumbani. Na lori linaondoka."

Afisa utumishi aliweka kalamu chini. "Unajua ni wangapi wanaitaka kazi hii?"

"Wengi. Niliwaona Kilosa."

"Na wewe huitaki?"

"Naitaka. Ila sasa nakwenda."

Wakaniuliza maswali yao hapo hapo nimesimama, machache, dereva akipiga honi. Baadaye sana yule mama wa umoja wa wanawake aliniambia kwamba nilipotoka meneja alisema, huyu, mgeni akimfokea, hatatetemeka. Waliona ujasiri. Mtu akikosa cha kutetemeka ndani yake, kwa nje anafanana kabisa na shujaa.

Kisha kimya. Kisha nikaitwa tena Kilosa. Katibu wa kwanza alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine, na aliyekuja badala yake hakutaka kutia sahihi jambo ambalo hakulianzisha yeye. Tukaanza upya. Benchi lile lile, ingawa vijana sasa walikuwa wamepungua. Naye pia akaniuliza maana ya kujitegemea. Safari hii nilimjibu kama alivyotaka, kilimo, viwanda vidogo, kutotegemea misaada, hadi akaridhika. Nilijisikia nikisema maneno yale kwa sauti nzuri, sauti ya darasani, na nikashangaa kidogo kwamba sauti hiyo bado ipo.

Eda ilikuwa inakaribia kwisha waliponiita Mikumi mara nyingine, kuniambia kazi nimepata. Walikuwepo meneja, afisa utumishi na yule mama. Afisa utumishi alinisukumia karatasi nisome. Palipotakiwa kuandikwa karani wa mapokezi paliandikwa mhudumu wa mapokezi. Mshahara ulikuwa shilingi mia mbili na arobaini.

"Tangazo lilisema karani," nikasema.

"Kazi ni ile ile. Ni jina tu."

"Mshahara wa karani ni mia tatu na themanini. Ulibandikwa pale wilayani."

Alitabasamu kama mtu anayemweleza mtoto. "Sikiliza, dada. Wewe huna watoto. Chakula cha mchana utakula hapa. Kijana uliyeshindana naye ana mke na watoto wanne, huyo tungempa ya karani, tungeelewa. Mtu mmoja mia mbili na arobaini zinamtosha. Nchi inajenga, kila mmoja ajinyime kidogo."

"Huyo kijana angefanya kazi gani?"

"Hii hii."

"Basi nilipwe ya kazi hii."

Hakuna aliyesema kitu. Jikoni mtu alikuwa anapasua kuni. Nikasubiri, wala haikuwa taabu kusubiri. Wengine kimya kama kile kinawakaba, wanatafuta neno lolote la kukijaza, na neno hilo ndilo linalowaponza. Mimi nilikuwa nimekaa katika kimya kwa miezi, kwangu kilikuwa chumba cha kawaida.

"Na tukisema haiwezekani?" meneja akauliza.

"Nitarudi Kilosa."

"Umepata kazi kwingine?"

"Sijapata."

Alinitazama kwa muda akijaribu kujua kama nasema kweli. Nilikuwa nasema kweli. Hatimaye akakunja karatasi. "Tutaandika makao makuu. Nenda, utasikia."

Kwenye lori nilimweleza mama mkwe. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia, vumbi linatuingia mdomoni.

"Kile kidogo kisingetufaa?" akauliza.

"Kingetufaa, mama. Lakini wangenilipa hicho hicho mpaka nizeeke."

Akafunika mdomo kwa khanga akafikiri. "Haya," akasema, na hatukulizungumza tena mpaka nyumbani.

Eda ikaisha. Wanawake wa jirani walinikogesha, wakaniletea khanga ya rangi. Katika juma hilo hilo mkuu wa stesheni alikuja, akavua kofia, akasema mfanyakazi mpya amefika na familia yake iko kwenye chumba cha mizigo. Hakuwa na ubaya, alikuwa na haya kuliko sisi. Tukahamishia vyombo kwa binamu wa mama mkwe, chumba kimoja, tukalala sisi na vitanda vimesimamishwa ukutani kwa kukosa nafasi. Kaka yangu alishuka kutoka Vidunda kunichukua, kwani kwa kawaida mjane akimaliza eda hurudi kwao. Nikamwambia nasubiri majibu.

"Majibu ya nini? Umewakatalia watu kazi, kila mtu anasema."

"Sikukataa kazi. Nimekataa mshahara."

"Dada yangu, nani anakataa mshahara?"

Mama mkwe alikuwa anamenya mihogo. Akasema bila kuinua uso, "Mwache asubiri." Kaka akakaa kidogo, akala mihogo, akaaga. Nilimsindikiza hadi njia panda. Alikuwa amenuna, na mimi nilijua kwamba inafaa niumie kwa kumwona amenuna.

Jibu lilipokuja lilikuwa nusu kwa nusu. Makao makuu walikubali jina la karani, ila miezi ya majaribio nilipwe mia tatu, nikithibitishwa nipande hadi mia tatu na themanini. Nikaenda Mikumi. Nikasoma mara mbili. Nikawaambia waandike hapo hapo kwamba majaribio yana mwisho na mwisho wake ni lini. Meneja akacheka kwa pua, akaandika.

"Kuna kingine?"

"Nyumba. Nitakuja na mama mkwe wangu."

Afisa utumishi alikuwa keshaanza kukusanya karatasi zake. Akazitua. "Nyumba za wafanyakazi ni za mfanyakazi na familia. Familia ni mume, mke na watoto. Mama mkwe tena wa marehemu, kisheria huyo si kitu chako."

Nilitaka kumjibu nikakosa neno. Ile ndiyo mara pekee katika safari yote hiyo niliyokosa neno. Yule mama wa umoja wa wanawake, ambaye vikao vyote alikuwa akiuliza swali moja au hata lisiwepo, akasema, "Mwandikie mama. Andika mama, tuondoke, jua linazama." Na afisa utumishi akaandika mama.

Nilianza kazi mwanzo wa mwezi uliofuata. Nilivaa gauni la sare, nikaketi nyuma ya meza ndefu, nikapokea simu. Wageni walikuja wamejaa vumbi, nikawakaribisha. Nilithibitishwa wakati ulioandikwa, na mshahara ukapanda. Sikusherehekea. Nilipeleka nusu Tindiga kulipia watu wa kupalilia mpunga wa mama mkwe, naye nyuma ya nyumba yetu akapanda mchicha na bamia, ambavyo nyani walivila, akapanda tena, wakala tena.

Watu wameniuliza lini nilianza kupona, wakitarajia niwatajie siku niliyolia. Nilikuja kulia, lakini baadaye mno, na kwa sababu isiyohusiana. Ninachokumbuka ni mchana mmoja ambapo mpishi alizidisha chumvi kwenye maharage ya wafanyakazi. Nilionja, nikasimama, nikachukua sahani nikaipeleka jikoni nikaiweka mbele yake kwa kishindo, nikamwambia akale mwenyewe. Nikiwa katikati ya ukumbi narudi mezani kwangu ndipo nilipotambua kwamba nimekasirika. Masikio yalikuwa ya moto. Nilisimama pale pale, mgeni mmoja akaniuliza kama niko salama, nikamwambia niko salama.

Jioni nilimsimulia mama mkwe. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua majani machache ya mchicha yaliyobaki.

"Hata mimi leo asubuhi nimemtukana nyani," akasema. "Matusi ambayo sikujua kama ninayo."

Akanipa nusu ya mchicha niuoshe.