Macho Yaliyosoma Nilipoinamisha Yangu

Usinione mzee ukadhani niliota. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nimekunywa chai na andazi, na akili zangu zilikuwa zangu. Niamini, maana sipati faida yoyote kwa kukudanganya.

Dada yangu Yusta alikuwa mgonjwa kule Kibondo, na ombi lake lilikuwa moja: azikwe kando ya mama. Lakini kaburi la mama liko wapi? Mama alifariki nikiwa sekondari. Nilikuwa na mtihani, sikwenda mazikoni. Baadaye watu wakahamishwa kutoka milima ya kwetu, juu ya Titye, nyumba zikaachwa, pori likafunga. Mama alipofariki, Yusta alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi ndiye niliyepaswa kuwauliza waliomzika, lakini aibu ilinizuia, nao wakaisha mmoja mmoja.

Kisha nikasikia kwamba katika chuo kimoja Kasulu, mwalimu kijana aitwaye Neema, mwenyeji wa Mbeya, amekusanya simulizi za wazee wa milimani na kuziingiza kwenye kompyuta. Kurasa hazihesabiki. Chini ya kioo chake aliweka kifaa chembamba kinachofuata macho ya msomaji.

"Babu, macho hayatiririki kama maji," aliniambia. "Yanaruka na kutua kama panzi. Pale yanapotua sana, kompyuta inajua ndipo penye haja yako, inakuletea kurasa za namna hiyo. Wewe soma tu."

Nikasoma kutwa. Ikaniletea habari za minada, mpira wa shule na pombe ya ndizi.

Neema akacheka. "Babu, umekuja kutafuta kaburi au kilabu?"

Kisha akanionyesha juu ya maandishi vidoa vya pale macho yangu yalipotua, na kicheko kikaisha. "Kila penye neno kaburi unaruka. Sasa itakuleteaje kitu usichokitazama?"

Wewe ungemjibu nini?

Kesho yake nilirudi mapema. Ukungu ulikuwa umefika dirishani, mweupe kama maziwa. Neema akaniwashia kompyuta, akaenda kufuata chai. Nikasoma. Sauti za nje zikawa mbali, zikawa mbali zaidi. Nikasikia harufu ya ulezi uliosagwa sasa hivi, nikajua bila kugeuka kwamba kuna mtu ameketi kando yangu. Kwa pembe ya jicho niliona kitenge kilicholowa umande, na mikono yenye unga.

Kurasa zikaanza kubadilika zenyewe, taratibu, kama mtu anayefunua majani makavu akitafuta uyoga. Minada ikapita. Shule ikapita. Ukatokea ukurasa ambao sikuwa nimeuona, na mstari wake wa kwanza ulisema: "Mama yake Yusta tulimzika..."

Hapo akanisalimu. "Mwakeye, mwana wanje." Yaani, umeamkaje, mwanangu.

Nilifanya nilivyofundishwa utotoni. Kwetu Waha mkubwa akikusalimu humkazii macho. Unainama, unapiga makofi polepole, unaitikia mpaka salamu iishe. Na salamu zetu ni ndefu! Aliniuliza habari za nyumba, za shamba, za watoto, za Yusta. Niliitikia zote nikitazama sakafu, nikiwa na raha ya mtoto aliyesamehewa kabla hajaulizwa kosa. Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu na kioo kilikuwa cheupe.

Neema aliporudi na vikombe, akatazama alama za macho. "Babu, nani alikaa hapa? Macho yako yalikuwa chini. Lakini kuna mengine yamesoma ukurasa mzima, hayakuruka hata neno."

Vidoa vilikuwa vimejipanga mstari kwa mstari, juu ya weupe mtupu. Tuliutafuta ukurasa ule mpaka jioni. Haukuwamo.

Yusta tulimzika Kibondo, peke yake. Nilikuwa nimemsimulia yote kabla hajafariki. Alinishika mkono, akasema, "Kaka, si ungemaliza kusoma kwanza?"

Tangu hapo macho yangu hayaruki tena. Iwe gazeti, iwe Biblia, yakilikuta neno kaburi hayabanduki mpaka mtu aniguse bega.

Nawe unayesoma haya, kuna neno umeliruka? Rudi ulisome. Kuna mzee wa kumuuliza? Muulize leo. Na siku akiketi kando yako mtu anayenukia ulezi, adabu yako iweke kando kidogo. Soma kwanza, kisha umsalimu.